Pai ya Dakika Hamsini

Siku watu walipokuja kuniposa, mimi nilikuwa jikoni, nimekaa kwenye stuli, mgongo umeubana mlango wa oveni, na nisingeweza kunyanyuka hata kama nyumba ingeshika moto. Si kwamba nilifungwa kamba. Mlango wa ile oveni ulikuwa hausimami wenyewe. Ukiuachia tu unadondoka, joto lote linatoka, na pai inabaki mbichi katikati kama uji. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeoka hivyo: blanketi lililokunjwa mara nne mgongoni, miguu imekita kwenye kabati la mbele, na mimi katikati kama kabari.

Msidhani hatukujaribu njia nyingine. Kiti kitupu kiliteleza kwenye vigae. Mfuko wa unga nao uliteleza, tena ukapasuka, tukafagia unga siku mbili nzima. Ndoo ya maji ya plastiki ndiyo usiseme, iliyeyuka ubavu tukabaki na bwawa. Mwishowe ikaonekana kwamba kitu pekee nyumbani chenye uzito wa kutosha na utii wa kutosogea ni mimi.

Ukuta wa sebuleni ni mwembamba, kwa hiyo nilikuwa nasikia yote. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa ananinadi. Kwamba mimi ni mtulivu, uongo. Kwamba sijui kujibu watu, uongo wa mchana kweupe. Kwamba mkono wangu wa kuoka nimeurithi kwa mama, hilo sawa, nampa. Mwenye kuniposa alikuwa Daktari wa Meno, na alikuja na mama yake na mjomba wake. Huyo mama mtu alishawahi kuonja pai yetu ya matufaha kwenye harusi fulani, akaapa kwamba mkwe wake lazima awe mwenye ile pai. Ndiyo maana nilikuwa naoka saa zile badala ya kukaa nao kistaarabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikuona dalili ya kupona.

Ningependa niwaambie kwamba huyo daktari ni mtu mbaya, hadithi ingekuwa nyepesi. Si mbaya. Ni mpole, ananukia sabuni, na shida yake ni moja tu: akikutazama unahisi anahesabu meno. Ila alikuwa amesema jambo lililomaliza ubishi wote nyumbani. Alisema nyumba yake iko mitaa miwili tu kutoka kwetu, na kwamba kila asubuhi nitakuwa naruhusiwa kuja kumwogesha mama, kumvisha, na kuoka naye hadi mchana. Shangazi aliposikia hivyo alipiga makofi.

Maana tatizo ni mama. Miaka miwili na nusu iliyopita kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, tena mdomo ulirudi na nguvu za ziada, lakini mkono ukabaki ukining'inia kama si wake. Dada zangu wawili wameolewa mbali. Wanapiga simu Jumapili, wanalia kidogo, wanakata. Mimi kitindamimba ndiye niliyebaki, na kila mtu katika ukoo alishakubaliana, bila kuniuliza, kwamba kitindamimba ndiye mkono wa kulia wa mama yake.

Na mimi nampenda. Hilo ndilo lililonibana kuliko ile stuli. Ungekuwa ukatili ningeutoroka siku nyingi.

Asubuhi ile tulikuwa tumeiandaa pai pamoja, yeye kiti cha mezani, mimi nimesimama. Matufaha saba, yale makali yenye ngozi ya kijani, si yale mekundu yanayolainika kama ndizi. Nikayamenya, nikayakata vipande vyembamba, nikayakamulia limau yasigeuke rangi, nikatia sukari, mdalasini na kijiko kimoja cha unga ili maji yake yashike. Kinyunga cha chini ni unga, siagi ya baridi, chumvi kidogo na vijiko vitatu vya maji kutoka kwenye friji. Mama akanikumbusha, kama anavyonikumbusha kila wiki, kwamba hiki si mkate, nisikikande kama nina ugomvi nacho. Nikanyoosha mkono rafu ya juu kuchukua kopo la karafuu, nikidhani leo tuongeze harufu kwa ajili ya wageni. Akanizuia haraka. Karafuu inamuuma kichwa, alisema, liache hapohapo. Kopo lilikuwa pale miaka, halifunguliwi, halitupwi.

Kisha zikaja zile chengachenga za juu, ambazo ndizo siri ya pai yetu: unga, sukari ya kahawia na siagi, unavisugua kwa ncha za vidole mpaka viwe kama mchanga uliorowa. Ncha za vidole, si viganja, viganja vina joto. Kazi ile inataka mikono miwili, na mama anaijua kuliko mimi. Akauingiza mkono wake wa kushoto kwenye bakuli kando ya wa kwangu, tukasugua hivyo, mikono mitatu. Nilimtazama upara mdogo uliokuwa umeanza utosini mwake, na nikasema moyoni, basi, nitaolewa na Daktari wa Meno, yaishe.

Pai iliingia ovenini saa tisa na nusu. Dakika hamsini. Nikakaa kwenye stuli yangu.

Zilikuwa zimepita dakika kumi hivi nilipoona kitasa cha mlango wa uani kinazunguka taratibu. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Kuna mtu mmoja tu anayefungua mlango kana kwamba anausikiliza kwanza.

Alikuwa Fundi.

Nieleze kidogo. Fundi alikuja kwetu mara ya kwanza miaka miwili iliyopita kutengeneza mlango huuhuu. Springi zake zilikuwa zimechoka, akasokota mpya yeye mwenyewe kwa waya mnene, akazifunga, na mlango ukawa unajifunga kwa adabu. Akarudi wiki iliyofuata kuangalia kama ziko sawa. Zilikuwa sawa. Akarudi tena. Safari ya tatu mama alimuuliza kama amekuja kuangalia oveni au mwokaji, naye akajibu ukweli, maana hajui kusema kingine. Miezi michache baadaye akaja na mama yake kuniposa. Jibu likawa hapana. Alikuwa ameitwa kazi ya kutunza oveni za kiwanda cha mikate, safari ya saa sita kutoka hapa, na mama alisema binti yake haendi popote. Shangazi akaongeza kwamba mtu mwenye grisi kwenye kucha hawezi kushika mkono wa mwokaji. Siku ileile, baada ya wao kuondoka na mimi kushinda chumbani nikilia, springi za oveni zikakatika. Mama alisema amezitupa, na kwamba fundi yeyote hatakanyaga tena jikoni kwake. Mimi nikavuta stuli.

Fundi hakwenda kiwandani. Aliikataa ile kazi, akanisubiri. Barua zake ninazo kumi na moja, zote chini ya godoro, zote hazijajibiwa.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na begi begani, amevaa shati lililopigwa pasi. Alinitazama mimi, akatazama stuli, akatazama miguu yangu ilivyokita kwenye kabati, na uso wake ukabadilika.

"Muuza duka aliniambia unaoka ukiwa umekaa, mgongo kwenye oveni," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ananitania."

Nikamwambia aondoke, kuna wageni. Akasema anajua, mtaa mzima unajua, gari la daktari limeziba njia. Amekuja kuaga. Wale wa kiwandani wamemwita tena, na safari hii amekubali. Basi lake linaondoka saa kumi na nusu. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua juu ya goti langu. Springi mbili mpya, zinang'aa.

"Zawadi ya kuagana, Bosi," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu siku ya kwanza nilipomfokea kwa kukanyaga unga.

Nilitaka kusema neno la maana, nikasema oveni ina moto, ataungua. Akatabasamu. Akavaa glavu zake, akapiga magoti kando yangu, akaniambia nisogee kidogo mbele huku yeye akiushikilia mlango kwa bega. Nafasi ilikuwa ndogo. Nywele zake zilikuwa karibu na mkono wangu kiasi kwamba kupumua tu ningezigusa. Mwaka mmoja na nusu sikuwa karibu naye hivyo. Upande wa pili wa ukuta Shangazi alikuwa anasema sijawahi kuwa na mazoea na mwanamume yeyote, na mama yake daktari anaitikia kwa furaha. Nikafumba macho. Sikujua mtu anaweza kutaka kucheka na kulia kwa pumzi ileile.

Fundi alifungua kifuniko cha bawaba ya kwanza, kisha cha pili. Halafu akatulia. Alitulia muda mrefu mno kwa mtu mwenye basi la kuwahi.

"Nani alikwambia zilikatika?" aliuliza.

"Mama."

"Springi mbili hazikatiki siku moja. Na ikikatika, kipande hubaki kwenye ndoano." Akanionyesha kwa bisibisi. Ndoano zilikuwa tupu na safi. Rangi iliyozizunguka ilikuwa imekwaruzwa vibaya, mikwaruzo mingi midogo, kana kwamba mtu alihangaika na mpini wa kijiko nusu siku, na yote ilianzia kulia ikavutwa kushoto.

Katika nyumba yetu kuna mtu mmoja tu anayefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na anakifanya kwa taabu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema utajisikiaje nguo yenyewe ikiwa ni mama yako.

Alifunga springi mpya kimya kimya. Zikalia kidogo, zikashika. Kisha akasimama, akanipa mkono.

"Simama, Bosi."

Nikatikisa kichwa.

"Simama. Haudondoki."

Nikasimama. Mlango ukabaki palepale, umejifunga, pai inachemka ndani kama kawaida. Mgongo wangu ulikuwa mtupu na sikujua niuweke wapi. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilishikwa na woga, maana sasa hata ile sababu ya kubaki jikoni ilikuwa imekwisha, na ndani kulikuwa na watu wanaosubiri nitoke na sinia.

Fundi aliniangalia kwa macho yale ambayo nimekuwa nikiyaona nikilala. Nilisubiri aseme twende. Laiti angesema, ningekuwa na wa kumlaumu.

"Sitakuomba," alisema. "Nimeshakuomba kwa mdomo, nikakuomba kwa barua. Nipo stendi mpaka saa kumi na nusu. Usipokuja sitakasirika. Nitafurahi tu kwamba unaoka ukiwa umesimama."

Akachukua begi. Mlango wa uani ukafungwa nyuma yake taratibu, kama ulivyofunguliwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano.

Sasa nitawaambia jambo ambalo naona haya kulisema. Nilipaswa kutoka mbio. Nilikuwa na miguu miwili mizima, mlango haukuwa na komeo, na mapenzi yangu yalikuwa hatua hamsini mbele yangu. Badala yake nilivuta stuli, nikaliweka sawa blanketi, nikakaa, nikauegemea ule mlango kwa mgongo kama jana na juzi.

Nilikuwa bado nimekaa hivyo mama alipoingia.

Aliingia akiburuta mguu kidogo, amevaa gauni lake la buluu, la wageni. Alikuja kunieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Shangazi ameshawajibu wale watu. Wamekubaliwa. Imebaki mimi kutoka na pai tu ili nionekane nimeridhika. Alikuwa anayasema hayo huku akitazama sakafuni, na ndipo akaliona gazeti. Kisha akasikia harufu ya mafuta ya mashine. Akainua macho kwenye bawaba, na zile springi zilikuwa zinang'aa pande zote mbili za kiuno changu.

Sebuleni walikuwa wanacheka.

"Inuka," alisema mama.

Nikainuka. Mlango haukudondoka. Mama akautazama, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Umetengenezwa saa ngapi?"

"Si muda mrefu."

"Na bado ulikuwa umeuegemea?"

"Nimezoea, mama."

Niliyasema hivyo tu, bila kukusudia kumchoma. Lakini niliona yalivyomwingia. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wake mzima. Kisha akaenda rafuni, akajinyoosha kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, akalishusha kopo la karafuu. Alilibana kifuani kwa kiwiko, akafungua kifuniko. Hakukuwa na karafuu hata moja. Zilikuwemo springi mbili za waya mnene, zimeanza kuota kutu.

"Ilinichukua mchana mzima," alisema. "Kwa kijiko. Nilijikata hapa na hapa. Nikasema, mlango ukiwa mbovu na fundi hayupo, pai haiokwi bila wewe, na wewe hutaondoka ukaniacha bila kazi." Alilitikisa kopo, springi zikagongana. "Nilitaka ukae, mwanangu. Sikutaka uzoee."

Nilitaka kumkasirikia. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Lakini alikuwa amesimama pale na kopo limebanwa na kiwiko, mama yangu, na hasira haikupata pa kutokea. Nikamwambia Fundi yuko stendi, basi lake ni saa kumi na nusu, kisha nikamuuliza nani atamwogesha. Ndilo swali lililonitoka. Si kwa nini ulinifanyia hivi, ila nani atakuogesha.

"Dada zako wana mikono, nitawapigia simu leo nami nilie kidogo kabla ya kukata," alisema. "Na shangazi yako ana miwili. Nimeisikia ikipiga makofi."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Aliivuta stuli, akaligeuza blanketi kwa mkono mmoja, akakaa. Akauegemea mlango wa oveni mgongo wote, mlango mzima, unaojifunga wenyewe, akakita miguu yake kwenye kabati kama nilivyokuwa nimekita mimi. Mguu wa kulia haukufika vizuri.

Shangazi akachungulia, mkufu unameremeta, akauliza bibi harusi mtarajiwa anachelewa nini, watu wanameza mate tu kule.

"Mlango umekuwa mbaya zaidi," mama alimjibu bila kugeuka. "Leo unataka uzito wangu. Waambie wasubiri, pai haiharakishwi."

Shangazi aliguna, akarudi kwa wageni. Mama akatazama saa ya ukutani.

"Imebaki dakika ngapi?"

"Ishirini," nikasema.

"Chengachenga zikishakuwa kahawia?"

"Dakika tano zaidi, ukingo uchemke."

"Mimi ndiye niliyekufundisha hayo," alisema. "Una dakika ishirini na tano basi. Mrudishie fundi vitu vyake."

Akanimiminia zile springi kuukuu kiganjani. Nikapiga magoti nikamkumbatia pale alipokaa, na yeye akanisukuma kwa bega, akasema nitamwaibisha, akaniambia nivue aproni, mtu hasafiri na unga. Niliiacha kwenye kitasa. Nilipofika mlango wa uani niligeuka. Alikuwa amefumba macho, mgongo wake kwenye oveni, na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia mapajani.

Sikukimbia kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vya wageni. Nilitembea harakaharaka, mgongo bado una joto la oveni, nikipita kando ya gari la daktari, duka la kona, na fundi cherehani aliyeacha kazi anitazame vizuri. Njia nzima nilihisi kana kwamba kuna mlango unadondoka nyuma yangu. Mara mbili nilisimama. Mara mbili nikakumbuka miguu ya mama ilivyokita kwenye kabati, nikaendelea.

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho la stendi, begi katikati ya miguu, tiketi mkononi. Aliponiona hakuinuka. Nadhani aliogopa kwamba nimekuja kumwambia kitu tu na kurudi. Nikafungua kiganja.

"Mama amekurudishia."

Alizichukua zile springi, akazigeuza, akazitambua. Ni yeye aliyezisokota. Kutu ilibaki mkononi mwangu.

"Na wewe?" aliuliza. "Wewe amekuleta nani?"

Nikakaa kando yake kwenye benchi. Halikuwa na mahali pa kuegemea.

"Mimi nimekuja mwenyewe," nikasema.